Mandazi Ambayo Mzee Makokha Hakuyaonja

Huu ni ukurasa wa daftari langu la zamani, wa miaka ile nilipokuwa nikipima mafuta kwenye kiwanda kimoja hapa Eldoret. Nimebadilisha majina tu. Hasira nimeiacha ilivyokuwa.

Jumamosi, jioni.

Mvua ya mawe imenyesha tangu saa nane na mabati ya hapa mtaani Langas hayajanyamaza. Nimeweka sufuria mbili pale panapovuja. Chai nimepika, imepoa mbele yangu. Nekesa anachora ng'ombe nyuma ya kalenda ya mwaka jana, na hajui kwamba mama yake amekasirika.

Nimesalitiwa.

Nimeliandika neno hilo nikalitazama. Nilidhani ni neno la wanasiasa, la kusomwa kwenye taarifa ya habari baada ya kuambiwa Rais ameenda wapi na amesalimia nani. Kumbe hata mtu anayeosha chupa za maabara linaweza kumfika.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiandika hivi hivi baadaye sitajielewa.

Kiwandani kwetu tunatengeneza mafuta ya kupikia, yale mazito ya mkebe. Mafuta ghafi yakifika huwa yana harufu, kwa hiyo hupikwa kwenye tangi refu mpaka harufu iishe. Ndani ya tangi hilo kuna mabomba yaliyojisokota, na ndani ya mabomba hupita mafuta mengine, ya mashine, yenye moto mkali. Hayo kazi yake ni kupasha tu. Hayatakiwi kukutana na ya kula hata tone moja. Bomba likitoboka yanakutana, na yakiwa kidogo huwezi kuyaona wala kuyanusa.

Ndiyo maana niko mimi.

Kipimo chenyewe ni rahisi, mtoto wa shule anaweza kukifuata. Unachukua mafuta kidogo, unayachemsha na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye spiriti mpaka yageuke sabuni, halafu unamimina maji ya moto. Mafuta ya kula yote huwa sabuni na sabuni huyeyuka, kwa hiyo chupa inabaki angavu. Mafuta ya mashine hayakubali kuwa sabuni. Yakiwemo, chupa inaingia ukungu, kama maji uliyooshea mchele.

Mzee Makokha, mkuu wa maabara, ndiye aliyenifundisha kipimo hicho, miaka minane iliyopita, nilipotoka Bungoma na cheti cha form four na viatu vya kuazima. Sikuwa na mtu wa kunishika mkono na yeye akanishika. Alinionyesha jinsi ya kuinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa. Alikuwa akisema, "Hapa ndani mkubwa ni maji. Si mimi, si manager. Maji ikisema hapana, ni hapana." Nekesa alipozaliwa sikutafuta mbali, nilimwomba yeye awe baba wa ubatizo. Alisimama kanisani na suti ya kahawia akamshika mtoto kama mtu aliyebeba chupa ya asidi, tukacheka mpaka padri akatukazia macho.

Huyo ndiye mtu ninayemwandika.

Jumanne nilipima mpiko wa arobaini na saba. Mpiko tunaita mafuta yote yaliyopikwa pamoja kwa mara moja, na kila mpiko una nambari yake, inayopigwa mhuri chini ya mkebe. Nilimimina maji ya moto na chupa ikaingia ukungu. Nikachukua chupa nyingine, nikarudia. Ukungu tena. Mara ya tatu nilipeleka chupa dirishani na sikuona kidole changu upande wa pili. Nikaandika kitabuni kwa wino: Ina mafuta ya mashine, isitoke. Nikatia sahihi na kumpelekea Mzee.

Alisoma mara mbili. Akasema nimefanya vizuri, ila yeye mwenyewe atarudia Jumatano tukishatoka kazini, akiwa na utulivu. Sikuona ubaya. Nilimwona mkubwa anayejali kazi yake.

Alhamisi asubuhi aliniita nje, karibu na mapipa ya kostiki, ili wenzangu wasisikie.

"Nafula, ile result yako ilikuwa na shida," alisema. "Nimerudia mara mbili, iko clear kabisa. Hizo chupa ulioshea wapi?"

Nikasema kwenye sinki ya kila siku.

"Basi ndio hiyo. Kuna mtu aliosha vyuma hapo na mafuta taa Jumatatu. Wewe ulipima mafuta taa, mama."

Alivyosema mama, kwa upole vile, nilitaka ardhi inimeze. Miaka minane ya kazi halafu napima mafuta taa. Niliomba msamaha. Naandika hili kwa sababu linaniuma kuliko mengine: mimi ndiye niliyeomba msamaha, na yeye akaupokea.

Acha niseme ukweli wote, hapa hakuna anayesoma. Nilifurahi pia. Mpiko ule ulikuwa na oda kubwa, ya shule za bweni, na manager alikuwa ameshapita mlangoni mara tatu na beji yake ya chama kifuani kuuliza kwa nini mzigo haujatoka. Yule bwana ana tabia ya kusimama chini ya picha ya Rais akiuliza jambo, ili ujue unawajibu watu wawili. Pale kwetu ukiuliza swali mara mbili wewe ni mchochezi. Kwa hiyo niliposikia ni kosa langu nilishusha pumzi. Kosa langu naweza kuliosha likaisha. Kosa la kiwanda lingenitoa jasho.

Halafu Mzee akasema ukurasa wa Jumanne umeharibika, niunakili upya, kitabu kiwe kisafi wakaguzi wakija. Nikaunakili. Mpiko wa arobaini na saba, angavu. Nikatia sahihi kwa mkono wangu, kitabuni na kwenye karatasi inayoenda na mzigo, juu ya kipimo ambacho sikukiona kwa macho yangu. Ule ukurasa wa zamani aliukunja mara nne akautia mfukoni.

Jana, Ijumaa, jioni nikitoka kazini, nilipitia kwa Mama Halima kununua sukari. Mama Halima ni Msomali, ana duka la jumla nyuma ya msikiti, na huchukua mafuta yetu kwa katoni na kuyauza kwa wenye hoteli na maduka madogo. Si mtu wa maneno mengi. Lakini kila mzigo mpya ukishuka ni lazima aniulize, na katoni hazifunguliwi mpaka nijibu.

"Mama Nekesa, hii ya leo iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, Mama. Tumepima mara mbili."

Tumepima. Ulimi ni mwepisi jamani.

Sasa nirudi nyuma kidogo, nifike kwenye mandazi. Kuna desturi maabara kwetu ambayo sijui kama iko mahali pengine. Mpiko ukishapita, siku unapotoka kwenda madukani, saa kumi tunakanda unga na kukaanga mandazi kwa mafuta yake hayo hayo, kwenye jiko la maabara, tunakunywa chai. Mzee ndiye aliyeianzisha. Andazi la kwanza ni lake siku zote. Hulivunja, hulinusa, hulitafuna amefumba macho, halafu anasema, "Watu wale," yaani sasa waruhusiwe kula. Ndipo sisi tunakula, ndipo lori linaondoka. Ni mchezo, lakini tunauheshimu. Maana yake ni kwamba hatumpi mtu kitu ambacho sisi wenyewe hatukigusi.

Jana mafuta ya kukaangia hayakuwepo. Mkebe wa maabara ulikuwa umeisha. Nikamwambia Mzee nitaenda stoo kuomba mwingine, akasema hapana, nitumie chupa ya akiba.

Chupa ya akiba ni hivi. Kila mpiko tunauwekea chupa mbili kubwa za mdomo mpana. Moja ni ya kupima. Nyingine inafungwa kwa nta na kukaa kabatini miezi sita, ili mtu akilalamika turudi tukapime tena. Haifunguliwi ovyo. Nilimtazama Mzee. Akasema, "Kabati imejaa, na hiyo ishapita. Fungua tu."

Nikaivunja nta kwa kisu cha mkate. Nikayayeyusha mafuta, nikakaanga. Yalitoka mandazi mazuri, mekundu, yamefura, kwa kweli nilijisifu.

Nikampelekea Mzee la kwanza kwenye kisahani. Akasema tumbo limemsumbua tangu asubuhi. Akashika kikombe chake cha chai akaenda kusimama dirishani, na kutoka huko akasema, "Watu wale," bila kuonja. Tulimcheka, tukamwambia uzee umefika. Mimi nilikula matatu. Manne nikayafunga kwenye gazeti.

Akaniona nikifunga. Akauliza, "Hiyo ni ya Nekesa?"

Nikasema ndiyo, Mzee, unajua vile anapenda.

Akageuka akatazama nje.

Leo ni nusu siku ya kazi. Saa nne asubuhi nilienda boila kuchota maji ya moto nikamkuta Kiprop, fundi wa zamu, amekaa juu ya ndoo na hakuna mashine inayonguruma. Nikamuuliza kulikoni.

"Wamezima tangi, madam. Wanachomelea bomba ya ndani," alisema. "Hiyo mafuta ya mashine imekuwa ikishuka tangu wiki iliyopita. Naongeza, inashuka. Naongeza, inashuka. Nikajiuliza inaenda wapi, na chini hakuna hata tone."

"Ulimwambia nani?"

"Si nilimwambia Mzee Jumatatu. Mzee wako."

Jumatatu. Siku moja kabla sijapima. Kwa hiyo niliposimama dirishani na chupa yangu, nikitafuta kidole changu, yeye alikuwa ameketi nyuma yangu na anajua nitaona nini.

Nilirudi maabara, nikafungua kabati. Chupa ya arobaini na sita ipo. Ya arobaini na nane ipo. Katikati kuna duara safi kwenye vumbi. Nikasimama pale nikitazama hilo duara, na ndipo akili yangu, iliyolala wiki nzima, ikaamka. Ukurasa wa Jumanne niliubadilisha mwenyewe. Chupa ya akiba niliifungua mwenyewe. Ushahidi wote tuliula kwa chai, na mimi nikapeleka mwingine nyumbani kwenye gazeti.

Mzee alikuwa mezani kwake akipanga kalamu. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuvua makoti. Walipotoka, nikafunga mlango.

"Mzee, jana mbona hukula?"

Alivua miwani akaanza kuipangusa kwa tai. Nilitamani aseme tumbo. Kwa kweli nilitamani anidanganye tena, ningalimwamini hata hapo.

"Nafula, nimebakisha miaka miwili nistaafu," alisema. "Wewe hukuitwa kwa office ya manager. Mimi niliitwa. Kuna mambo mtu anaambiwa na hawezi kusema hapana."

"Na Nekesa?"

"Kidogo hivyo haiwezi kudhuru mtu."

Nilichukua koti langu nikatoka. Hilo ndilo jambo la pili linaloniuma, kwamba nilitoka kimya kama mtu aliyekosa. Jibu lilinijia nimeshafika darajani, maji ya Sosiani yakipita chini na rangi ya udongo. Kama haiwezi kudhuru mtu, si ungekula, Mzee? Nililisema kwa sauti. Mwanamke aliyebeba kuni akanipisha njia.

Hofu ya Mzee kwa manager ninaielewa. Hata mimi ninayo, ningeitwa kwenye ile ofisi huenda ningetetemeka kuliko yeye. Angeniambia, "Nafula, tumefungwa mikono, nyamaza," ningelia, ningekasirika, pengine ningenyamaza. Ningekuwa mwoga pamoja naye. Lakini yeye alichagua kunifanya mjinga. Alichukua kitu nilichokuwa na uhakika nacho, macho yangu mwenyewe, akaniambia ni mafuta taa. Halafu akaniacha nikaange.

Na lile swali la jana. Hiyo ni ya Nekesa? Kwa nini aliuliza? Labda alitaka nijibu hapana. Labda alikuwa na neno mdomoni. Nimeligeuza swali hilo tangu saa saba na kila upande ninaoligeuzia linanichoma.

Kutoka darajani nilienda moja kwa moja kwa Mama Halima. Mvua ilinikuta njiani nikaingia dukani nimelowa. Nilimwambia yote, nimesimama mbele ya meza yake, maji yakichuruzika kwenye sakafu yake. Nilisema mzigo una mafuta ya mashine, nilisema kile kipimo cha pili sikukiona, nilisema aliyesema tumepima ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshauza katoni tatu.

"Jana ulisema iko sawa," alisema. "Leo unasema ni mbaya. Sasa mimi nishike ya siku gani?"

Nikasema ashike ya leo.

"Kiwandani nikiwarudishia watasema mimi ndio nimechafua. Niko na karatasi yao ya kipimo, imeandikwa safi. Sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

Akatikisa kichwa pole pole. Hakunitukana, na ningeona afadhali anitukane. Akamwita mfanyakazi wake wakatoa mikebe yote ya arobaini na saba kwenye rafu, wakairundika sakafuni na kuifunika kwa gunia. Akachukua mmoja, akaugeuza nikaona mhuri wa nambari, akaniwekea mkononi.

"Nitangoja Jumatatu. Lete karatasi ingine, na hiyo sahihi yako. Ukileta, narudisha mzigo yote mbele ya watu, na nitasema ni nani ameniambia. Ukikosa kuja, Mama Nekesa, mimi nauza. Mimi si mtu wa maabara."

Ana haki. Katoni tatu ziko mjini tayari, kuna mtu mahali fulani anakaanga chapati, na zile za shule zilitoka na lori jana saa kumi na moja, baada ya mtu kusema watu wale.

Kwa hiyo mkebe uko hapa mezani, karibu na hili daftari. Haujafunguliwa. Nekesa ameusoma kwa sauti, herufi moja moja, akajisifu kwamba sasa anaweza kusoma kitu chochote. Nimemuuliza kama tumbo linamuuma, mara ya sita leo, akaniambia nimeuliza tayari. Haliumi. Amekunywa maziwa ya Nyayo shuleni wiki nzima, anacheza, anakula. Sijui mafuta ya mashine hufanya nini ndani ya mtoto wa miaka saba, iwe leo au akiwa mkubwa. Nimefundishwa kuyaona tu.

Baba Nekesa yuko safarini na lori mpaka Alhamisi. Angekuwepo angesema nifikirie kazi. Nimefikiria kazi. Nimefikiria pia ile ofisi, na ile picha, na neno uchochezi linavyoandikwa kwenye barua ya kufukuzwa. Ninaogopa. Sitaki kesho nikisoma ukurasa huu nijifanye kwamba nilikuwa shujaa.

Lakini Jumatatu mpiko wa arobaini na nane unatoka. Kutakuwa na chai, na mimi ndiye ninayekaanga.

Nitaingia na mkebe huu kwenye kikapu cha unga. Nitaufungua mbele ya wote, nitaosha chupa kwa maji niliyochota mwenyewe, nitachemsha, nitamimina. Nitaiinua dirishani kama nilivyofundishwa. Watakaotaka kuona wataona, na safari hii nitaandika kitabuni nikiwa na mashahidi. Na kama Mzee bado ataniambia ni mafuta taa, nina unga, nina jiko, na mkebe utakuwa umebaki nusu.

Nitakaanga andazi moja tu. Nitalitia kwenye kisahani chake, nimpelekee alipo, kwa heshima zote, kwa sababu la kwanza ni lake siku zote.

Halafu nitasimama pale nimngoje ale.